Mkeka Haukanyagwi kwa Viatu

Kiatu kilikuwa cha ngozi ya kahawia, kimepigwa rangi kikang'ara, na mguu wa mwenyewe ulikuwa bado ndani nilipokivuta. Alikuwa amesimama juu ya mkeka wetu na glasi ya mvinyo mkononi, dalali wa sanaa, mtu mzima mwenye mvi za heshima, na mwanangu Zena alikuwa analia miguuni pake kwa sababu bwana mwingine mwenye buti za theluji alikuwa ametoka kumkanyaga vidole. Si kule kukanyagwa kulikonipandisha hasira. Kukanyagwa ni ajali. Watu hukanyagana hata msikitini. Kilichonipandisha ni maneno. Niliinama kumwinua mtoto, yule dalali akaninyooshea kiganja kunizuia, akamwambia mpiga picha wa gazeti, "Piga sasa, piga kabla hajamnyamazisha." Kisha akanigeukia na tabasamu lake lile: "Mwache hapohapo kidogo. Anapendeza sana akiwa hivyo." Nikamwambia, "Vua." Nilisema kwa Kiswahili, kwa maana Kiswidi chote nilichofundishwa kilikuwa kimenitoka. Hakuelewa. Basi nikamsaidia. Nikapiga goti, nikashika kisigino, nikavuta. Akarukaruka kwa mguu mmoja kama kuku aliyefungwa, mvinyo ukamwagikia shati, na kile kiatu nikakitupa kwa nguvu zangu zote. Kilipita juu ya vichwa vya wapenda sanaa wa Stockholm kikatua kwenye meza ya jibini. Watu wakapiga makofi. Naam, makofi. Walidhani na mimi ni sehemu ya maonyesho.

Walinzi hawakudhani hivyo. Walinishika huku na huku, mtoto nimempakata, wakanitoa mlango wa nyuma, ule wa kuingizia makasha. Nilikuwa na soksi tu miguuni, na Zena naye ana soksi tu, kwa sababu sisi tulikuwa tumevua viatu kama watu. Mlinzi mmoja, kijana mwenye haya, alirudi ndani akaniletea viatu vyangu. Buti za Zena hakuja nazo. "Zile nyekundu," nikamwambia, "ndogo, zipo kwenye rafu." Akatazama chini. "Wamesema zile zisiguswe," akasema. "Ni za kazi ya sanaa." Mlango ukafungwa. Nje kulikuwa na theluji mpaka vifundoni.

Nayaandika haya leo kwa sababu Myongja, niliyeshona naye mkeka ule, amekufa, na kwa sababu wamemsingizia. Amefia kwao Korea, mzee kama mimi, na kifo hakina dawa, sikigombi. Nagombana na kibao. Mwanzoni mwa masika Zena alinipeleka kwenye jumba moja la makumbusho hapa mjini, aliona tangazo kwamba kazi za marehemu zinaonyeshwa. Zena sasa ni mama wa watoto wakubwa, muuguzi kule Flemingsberg; mimi namsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi, na tumeelewana hivyo maisha yote. Tukaingia. Mkeka wetu umetundikwa ukutani. Ukutani! Mkeka, kama ngozi ya chui aliyepigwa risasi. Na katikati yake nyayo, zimekolea rangi ya kijivu, buti za watu waliokwisha kufa. Chini yake kibao kinasema kwamba msanii aliwaalika watazamaji waukanyage kwa viatu vyao vya baridi, ili alama zao ziikamilishe kazi. Pembeni, kwenye sanduku la kioo, rafu ya viatu. Juu ya rafu, buti nyekundu. Zena akasogea, mtu mwenye miwani ya kusomea, akaweka kidole kwenye kioo. "Mama," akasema, na safari hii alisema Kiswahili, "hizi ni zangu."

Kulikuwa na binti mratibu wa jumba lile, mpole, amesoma sana. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Inavutia sana. Lakini sisi hatuna ushahidi wa jambo hilo." Nikamwambia, "Ushahidi umesimama mbele yako umeshika mkongojo." Akacheka kwa adabu. Nimekaa nyumbani na kicheko kile wiki nzima, kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Basi nitasema mwaka ule ulivyokuwa.

Tulikuwa Fisksätra, katikati ya miaka ya sabini, majengo yenyewe mapya, chokaa inanuka bado, na kati ya jengo na jengo ni tope tupu ambalo waliahidi litakuwa bustani. Mume wangu Salimu alikuwa mafunzoni kwenye kiwanda cha malori Södertälje, anatoka gizani anarudi gizani, na mimi nilikuwa na Zena, na vyeti vyangu vya kidato cha nne ndani ya bahasha, na madirisha. Mwanamke aliyesoma akikaa na madirisha mwaka mzima huwa mkali. Kama huamini, jaribu. Mahali pekee palipokuwa na watu ni chumba cha kufulia, chini ya jengo. Pale kuna mashine za jamii, na kila mtu anajiwekea zamu yake kwa kufuli dogo ubaoni, na ole wako upitilize. Waswidi hawatakugombeza. Watakuandikia kikaratasi. Nilipokea vikaratasi vya kila namna: vya manyoya ya nguo niliyoyaacha kwenye chujio la mashine, vya kanga zangu zinazochuja rangi, vya mtoto kuimba. Siku moja nikakuta mwanamke mfupi, nywele amezikata kama mvulana, amekaa sakafuni kati ya mashine, anavikusanya vikaratasi vile kutoka kwenye debe la taka, anavichana vipande vyembamba na kuvisokota juu ya paja, vidole vinakwenda harakaharaka, mpaka vinakuwa kamba. Nikamwuliza kwa Kiingereza, "Unafanya nini?" Akanyanyua kamba. "Nawafunga," akasema, bila kucheka. Ndipo nikacheka mimi, mara ya kwanza tangu baridi ianze.

Huyo ndiye Myongja. Alikuja kusoma sanaa, akabaki, na kibali chake cha kukaa nchini kilitegemea barua ya dalali aliyekuwa akimuuzia kazi zake. Kwao, alinieleza, wazee walikuwa wakisokota karatasi za vitabu vilivyochakaa wakafuma vikapu, vikombe, hata viatu, kwa kuwa karatasi yenyewe hutengenezwa kwa magome ya mti na haikubali kufa upesi. Nikamwambia kwetu pwani tunasuka ukindu: unasuka ukili kwanza, utepe mrefu wa kukutoa jasho, kisha unaushona ukizunguka ukizunguka mpaka unapata mkeka. Akanitaka nimwonyeshe. Nikamwonyesha kwa zile kamba zake za vikaratasi vya matusi. Alitazama vidole vyangu kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Kesho yake akaomba funguo za chumba cha ufundi kilichokuwa mkabala na mashine, chumba cha wapangaji ambacho hakuna mpangaji aliyekitumia, na kutoka kwao ikaja shehena ya karatasi nyeupe inayonuka kama mti uliolowa. Tukaanza.

Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba zote nilizokaa. Mabomba ya maji moto yalipita darini yakigugumia. Dirisha lilikuwa moja, juu, usawa wa ardhi, ukiona miguu ya watu tu ikipita kwenye tope. Yeye alisokota, mimi nikasuka, jioni tukashona pamoja, yeye upande huu, mimi ule. Zena alilala juu ya kile kilichokwisha kushonwa. Yeye mwenyewe Myongja alitaka hivyo: "Mkeka bila mtu aliyelala ni karatasi tu." Chakula tulikula juu yake, tumekaa chini wote. Alikuwa na ndoo ya kabichi aliyoikanda chumvi na pilipili, ameiweka barazani kwake ichachuke, na kikaratasi juu ya harufu kikaja upesi, naye akakisokota. Mimi nilipika samaki wa barafu kwa nazi ile ya unga ya kuokea keki, nikiiroweka maji moto na kuikamua kwenye kitambaa. Tui jepesi, la kuona haya, lakini tui. Kabichi yake kwa samaki wangu, Wallahi, sijala tena kitu kama kile. Alasiri ikifika niliomba radhi, nikasimama upande ule safi nikaswali palepale. Mara ya kwanza alitaka kutoka. Nikamwambia baki. Akabaki, akaacha kusokota, akanyamaza mpaka nilipotoa salamu. Baadaye akasema, "Nyumbani kwetu vilevile. Sakafu ndiyo kitanda, sakafu ndiyo meza. Bibi yangu alifia sakafuni, tukakaa kumzunguka." Nikamwambia, "Na kwetu maiti hulazwa mkekani." Toka siku ile aliniita dada, kwa Kiswahili, na alikitamka vizuri.

Jirani yetu Nakato alikuwa akishuka na kapu lake la nguo kutudhihaki. Alikuwa mwalimu kwao Uganda, wakamkimbiza, na hapa alikuwa akipokea makoti kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho kusini mwa mji. "Banange, Mama Zena," angesema, "umetoka Afrika mpaka hapa ndio unasuka mkeka? Si ungebaki tu?" Nami ningemjibu, "Na wewe umetoka darasani kuja kutundika makoti ya watu." "Mimi niko na pensheni," akasema, akavua viatu mlangoni, akaja kukaa. Akavua bila kuambiwa. Kila aliyeingia chumba kile alivua: fundi wa mabomba alivua, hata bibi mmoja aliyekuwa akituandikia vikaratasi alipokuja kuchungulia alivua akasimama na soksi zake za sufu akasema kazi ni nzuri. Sikiliza vizuri hapo, kwa sababu ndipo kosa letu lilipolala. Nchi hii hakuna mtu anayeingia ndani na viatu. Waziri hatavua kofia lakini viatu atavua. Ingia nyumba ya Mswidi na viatu vyako uone macho yatakavyomtoka. Basi mimi na Myongja, sote wawili tumetoka kwa watu wanaovua viatu, tumekuja kwa watu wanaovua viatu, tungewezaje kufikiri kwamba mtu mzima atahitaji kuandikiwa?

Ukumbi ule wa Nakato ndio uliofanyiwa soko la sanaa majira yale ya baridi. Madalali kutoka miji mbalimbali walikodi vibanda, na dalali wa Myongja akakodi kimoja kikubwa akakiandika juu yake ASIA, herufi nyekundu zenye ncha ncha kama za mkahawa wa tambi. Ndani akawatia watu watatu ambao hawakuwa na uhusiano wowote ila macho yake yeye. Myongja na mkeka. Bwana Ogata, kijana wa Kijapani aliyefunga mawe kwa nyuzi akayaning'iniza yasiguse chini. Na mzee Lin kutoka Taiwan, aliyechora kwa wino mweusi michoro mikubwa ya minara ya chuma ya nyaya za umeme, na kila aliyepita akamuuliza mianzi iko wapi. Siku ya kupanga, dalali akaja na sanduku. Ndani mna kimono, vazi la Kijapani, la hariri, la buluu. "Kesho kwenye ufunguzi," akamwambia Myongja, "uvae hii, umimine chai. Waandishi watakuwepo." Myongja akaitazama kama mtu aliyeletewa sare ya askari jela. Akasema, polepole, kwa Kiswidi chake cha darasani, "Mimi natoka Korea. Bibi yangu alilazimishwa na watu waliovaa hivi aache jina lake." Dalali akasema, "Ndiyo, ndiyo, lakini hapa hakuna atakayejua tofauti." Bwana Ogata alikuwa juu ya ngazi akifunga jiwe. Alishuka, uso umemwiva, akalifunga lile sanduku, akaliinua akaenda nalo nje. Alilipeleka wapi sijui mpaka leo. Dalali akanigeukia mimi. "Na wewe unaweza kuvaa vile vitambaa vyako, na mtoto mgongoni?" Nikamwambia nitavaa koti langu. Hasira nilikuwa nayo tayari, lakini niliimeza, kwa ajili ya dada yangu na barua yake.

Ila kabla hatujatoka, Myongja akaweka pembeni ya mkeka rafu ya viatu, ya mbao, ya kawaida, kila ukumbi wa nyumba ya Fisksätra unayo. Ndiyo ilikuwa ishara yetu. Tukaona inatosha. Siku ya ufunguzi tukavua, tukaweka vyetu, jozi tatu: vyake, vyangu, na buti nyekundu za Zena, mpya, nilizomnunulia baridi ilipoanza, zimeingia matope kidogo kwenye ncha. Tukakaa mkekani kungoja wageni. Na wageni wakaja, wakasimama kuizunguka rafu. Hawakuutazama mkeka! Waliinama, mikono nyuma, wakatazama buti za mwanangu kama wanatazama mfupa wa mtume. "Kutokuwepo kwa mtoto," bibi mmoja akasema kwa sauti ya kilio, na mtoto mwenyewe yupo amekaa anakula biskuti. Mwingine akauliza bei. Mzee Lin akacheka mpaka akakaa chini, kisha akavua viatu, akaja kuketi nasi, na Bwana Ogata akamfuata. Tukanywa chai yetu ya chupa. Watu wakatupiga picha tukinywa. Hakuna hata mmoja aliyekaa. Myongja aliwaambia, "Karibuni, vueni tu, kaeni," wakatabasamu, wakarudi nyuma hatua moja, kama vile simba ndiye aliyewakaribisha. Nakato alipata nafasi ya kutoka kwenye makoti yake akaja kutuona. "Hawa watu," akaninong'oneza, "kwao wanavua viatu kwa sababu ni kwao. Hapa si kwao, na kwenye mkeka wako pia si kwao." Nilimwambia aache uchuro. Lakini alikuwa amesema kweli, na ndiyo kweli inayoniuma kuliko zote: viatu walijua kuvua. Hawakujua kwamba na sisi tuna nyumba.

Siku ya pili dalali hakuwa na furaha. Watu walikuwa wakisimama pembeni, njia inaziba, wa vibanda vya jirani wanalalamika. Myongja akaitwa ofisini na msaidizi wa dalali, eti kuna mwandishi wa redio anataka kumhoji. Alikwenda. Nikabaki mimi, na Zena amelala usingizi wa mchana palepale alipozoea, ubavuni, ngumi mdomoni. Hapo dalali akapanda juu ya kiti, akapiga kijiko kwenye glasi. "Karibuni, piteni!" akasema. "Piteni moja kwa moja, msivue kitu! Sanaa si ya kuogopwa, sanaa ni ya wananchi, ikanyageni!" Miaka ile maneno ya wananchi yalikuwa yanauzwa kila kona. Wakaja. Wakaja na zile buti zilizotoka nje, changarawe za barabarani zimeganda kwenye soli, chumvi, theluji inayoyeyuka ikawa tope. Nilisimama nikasema, "Viatu! Tafadhali, viatu!" kwa Kiswidi sahihi kabisa, na wakanijibu kwa kutikisa kichwa na kutabasamu. Nilisikia karatasi ikilia. Ukindu hulia ukikanyagwa, lakini karatasi iliyosokotwa hulia vingine, kama mtu anayesaga meno. Palikuwa pale nilipokuwa nikiswali. Nikarudi mbio kumwinua mtoto, na buti ya mtu ikawahi kabla yangu. Zena akapiga ukelele. Dalali akanyoosha kiganja. Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Nilimfunika Zena miguu kwa skafu yangu, nikambeba mpaka kwenye treni, na kutoka Slussen mpaka Fisksätra aliniuliza jambo moja tu: "Buti zangu ziko wapi?" Nakato ndiye aliyeniletea mengine jioni, na koti lake hajalivua. Myongja alirudi kutoka ofisini, ambako hapakuwa na mwandishi yeyote, akakuta nyayo. Hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kufuta kwa mkono wa sweta lake, na maji yakazidi kuiingiza ile taka ndani. Dalali akamshika bega. Akamwambia, Nakato alisikia kwa masikio yake, "Acha, usifute. Sasa ndiyo imekuwa kazi. Kabla ya hapo ilikuwa mkeka tu."

Asubuhi yake Myongja alikuja kwangu. Alivua viatu, akakaa chini jikoni, mgongo kwenye kabati. Vidole vyake, vile ambavyo havikuwa vikitulia, vilikuwa vimelala mapajani. Akasema kwa Kiingereza, "Dada, mimi siwezi kusema. Nikisema, barua haitaandikwa." Nikamwambia, "Mimi sina barua kwake." Akasema, "Una mume, una mtoto." Nikamwambia, "Ndiyo maana." Salimu hakuliona hivyo. Tuligombana juu ya ugali uliokuwa ukipoa, Zena akitutazama huyu na huyu. "Tufukuzwe nchi hii kwa ajili ya mkeka wa karatasi, Mama Zena?" akasema. "Ulimvua mtu kiatu! Kiwandani nitasema nini?" Nikamwambia, "Waambie mkeo hataki mtoto wake akanyagwe. Kama kiwandani kuna baba mmoja atakayecheka, niletee jina lake." Kisha akasema, kwa unyonge, neno lililoniuma kwa sababu lilikuwa la upendo: "Tutamnunulia buti nyingine." Nikamjibu, "Sitaki nyingine. Nataka zile."

Basi nikatoa kamusi, nikatoa kalamu, nikakaa mezani Zena akiwa mapajani, nikaandika malalamiko. Kiswidi changu kilikuwa cha darasa la jioni, kifupi kama fimbo, na nadhani kilifaa. Nikayapeleka mwenyewe, kwa mkono, kwenye ofisi ya maonyesho. Mwanamke wa mapokezi akasoma mistari ya kwanza akaniuliza, "Wewe ndiye msanii?" Nikasema hapana. "Ni mnunuzi?" Hapana. "Basi unalalamika kama nani?" Nikamwambia mimi ni mmoja wa waliokuwa wamekaa pale. Akayagonga muhuri, nadhani ili niondoke. Muhuri ule ninao mpaka leo kwenye nakala yangu.

Hawakunijibu. Walimalizia maonyesho, mkeka ukauzwa na nyayo zake, na rafu yake, na kilichokuwa juu ya rafu. Mwaka uliofuata Myongja alipata nafasi nchi nyingine akahama, na hakushona tena kitu cha sakafuni. Alifanya bakuli, vitu vya kushikwa mkononi. Kila baridi alinitumia kadi yenye swali lilelile, "Dada, wamekujibu?" nami nikamjibu, "Bado." Sasa hakuna wa kuniuliza. Jana Zena alinipeleka tena kwa yule binti mpole wa makumbusho, nikamwekea mezani nakala yenye muhuri. Sikuandika malalamiko mapya. Ya zamani hayajajibiwa, mapya ya nini? Nilimwambia tu aanzie pale walipoishia wenzake. Hivi ndivyo yanavyosema, nimeyatia Kiswahili neno kwa neno:

"Kwa uongozi wa maonyesho.

Mimi ni mama wa mtoto aliyekanyagwa kwenye kibanda mlichokiandika Asia. Mtu aliyemkanyaga simlalamikii, aliambiwa akanyage. Namlalamikia aliyemwambia, na ninyi mliomkodishia mahali.

Kile mlichokanyaga ni mkeka. Umetengenezwa na Myongja, ambaye ni Mkorea, na mimi niliushona pamoja naye. Ulikuwa wa kukaliwa. Tuliweka rafu ili watu wavue viatu, kama ninyi nyote mnavyovua kwenu. Hatukumwalika mtu yeyote aukanyage kwa viatu. Mtu akija kusema tulimwalika, anasema uongo, leo na siku yoyote.

Sikuja kuomba radhi kwa kumvua yule bwana kiatu. Alipaswa kukivua mwenyewe. Kiatu chake kilirudishwa, nilimwona mhudumu akikifuta jibini.

Naomba mambo haya. Mkeka uwekwe chini, usafishwe na mtu anayejua karatasi. Anayetaka kuuona avue viatu na akae. Asiyetaka kuvua asimame mbali. Mnijibu mimi, si mume wangu.

Na buti nyekundu zilizo kwenye rafu mzirudishe leo. Si kazi ya sanaa. Ni za Zena. Ana miaka miwili, anaziulizia, na nje kuna theluji."